Vazi la Kushona na Vazi la Kununua

Huku kwetu Urambo, tumbaku ikishauzwa na fedha zikishalipwa, vijana hubadilika sura. Yule ambaye mwezi uliopita shati lake lilinuka moshi wa bani, leo unamkuta sokoni amevaa suruali yenye mkunjo mkali kama wembe, na viatu vipya ambavyo bado vinamtesa kisiginoni. Wazee huketi kando na kuguna. Husema, "Vijana wa siku hizi, fedha yote mgongoni!" Maneno hayo niliyasikia nikiwa mtoto yakisemwa juu ya kaka zetu, kisha yakasemwa juu yetu sisi, na baadaye yakasemwa juu ya wanafunzi wangu. Jambo ambalo kila kizazi hulisema juu ya kizazi kinachofuata lastahili kuchunguzwa kabla ya kuaminiwa.

Mimi nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi, na mwalimu mkuu kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Kushindana kwa mavazi nimekuona kwa macho, na safari moja nililazimika kukusimamia kwa kanuni na alama kama mtihani. Ndipo nilipotambua kwamba swali lililokuwa mbele yangu lilikuwa swali la zamani sana katika nchi hii: kati ya aliyeshona na aliyenunua, nani amevaa vizuri zaidi? Ili kulijibu hapana budi turudi nyuma kidogo.

Hapo kale Wanyamwezi walivaa ngozi, magome ya miti yaliyopondwa hadi yakawa laini, na nguo za pamba zilizofumwa hapa hapa. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, aliandika habari za vitanda vya kufumia nguo katika vijiji vya Unyamwezi. Basi asidanganyike mtu kwamba nguo tuliletewa na wageni. Tulicholetewa ni nguo ya kununua.

Nguo hiyo ya kununua ilikuwa na jina lililotaja kwao: merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani akaanza kazi Unguja. Meli za Salem, mji wa jimbo la Massachusetts, zilileta nguo nyeupe ngumu isiyopaushwa, zikachukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kutoka Bara Hindi zilikuja kaniki za rangi ya nili, na kutoka Oman nguo za mistari za wenye uwezo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, merikani ya Kimarekani ikaadimika, na viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikaiga nguo ile. Lakini jina halikubadilika. Mtu aliweza kuvaa merikani ya Bombay na asione ajabu yoyote.

Tazama jinsi biashara ile ilivyoacha maneno vinywani mwetu. Shuka ilikuwa mikono minne, na shuka mbili zilifanya doti. Hadi leo mwanamke akinunua kanga husema amenunua doti, ingawa hajui kwamba anatumia kipimo cha misafara. Nguo zilizofungwa pamoja kwa ajili ya kubebwa begani ziliitwa mtumba, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini. Neno mtumba tutakutana nalo tena mbele ya safari.

Wapagazi waliosifika kuliko wote njiani walikuwa Wanyamwezi. Kijana wa Unyamwezi aliyekuwa hajafika pwani alihesabika kama mtu asiyekomaa, na wavulana wadogo walifuatana na baba na wajomba zao wakibeba vijino vidogo vya pembe ili wazoee. Ujira ulilipwa kwa nguo. Kwa hiyo kijana aliporudi kutoka Bagamoyo, vazi alilovaa lilikuwa ndilo hesabu ya safari yake. Kila aliyemwona alijua ametembea hadi wapi na amerudi na nini. Wasichana waliangalia, na wenzake waliobaki nyumbani waliangalia zaidi. Hayo yalikuwa mashindano ya mavazi, ingawa hapakuwa na mwamuzi wala zawadi.

Hata hivyo historia haitaki tuseme nusu. Njia ile ile iliyoleta merikani ilipeleka pwani pembe za ndovu, na pamoja nazo ikapeleka watu. Mtu aliuzwa kwa nguo. Doti nyeupe iliyompendeza kijana mmoja huenda ndiyo iliyokuwa bei ya kijana mwingine wa rika lake. Nguo haisemi ilikotoka. Huoshwa, huanikwa, huvaliwa, ikasifiwa. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kuhukumu vazi la kununua hana budi kuuliza habari ambazo vazi lenyewe haliwezi kumpa.

Wilaya yetu ilipata jina lake kwa Mirambo, mtemi aliyezaliwa karibu na mwaka 1840 na kufariki tarehe 2 Desemba 1884. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya Ujiji, na kisa kilikuwa ni biashara hii hii: nani apite, nani alipe hongo, nani afaidike. Stanley, aliyekuwa upande wa Waarabu katika vita ile, alikutana naye kwa amani mwezi Aprili 1876 wakachanjiana damu. Stanley alitazamia kumwona jambazi. Akamkuta mtu mpole wa maneno, amevaa nadhifu kama Mwarabu, na kilemba, koti na makubadhi. Aliandika pia kwamba Mirambo alimweleza kuwa vitani anapendelea vijana kuliko watu wazima wenye wake na watoto. Vijana hao, rugaruga, walijulikana kwa vitambaa vyao vyekundu na manyoya. Waliovaa hivyo walitaka waonekane na waogopwe, na vingi vya vitambaa hivyo havikununuliwa wala kushonwa, vilitekwa. Hiyo ni njia ya tatu ya kupata vazi, nayo haijafa hata leo.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa safari ndefu ukaisha. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora. Baada ya vita vijana wa miji ya Tanganyika walikuwa na uwanja mwingine wa kuonyeshana mavazi, nao ni ngoma ya beni. Ngoma hii ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikasambaa bara na askari, makarani na wapagazi. Huku kwetu vyama vyake viwili vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa mjini, makarani na askari. Arinoti walisemwa kuwa ni watu wa kazi, wa bara. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake, mfalme, jenerali, daktari, na kila cheo kilikuwa na sare yake. Walicheza kwa gwaride na tarumbeta. Waliofanya vizuri walisifiwa kwa unadhifu wa sare, kofia na nishani zao kama walivyosifiwa kwa hatua zao.

Wakoloni wengine waliiogopa beni, wakidhani ni njama, na wengine waliicheka, wakidhani ni kuiga tu. Wote wawili hawakuona jambo lililokuwa mbele yao. Wanachama wa vyama hivyo waliwazika wenzao waliokufa ugenini, waliwapokea wageni, waliwauguza wagonjwa. Mtu ambaye mchana aliitwa "boi" alivaa jioni sare ya jenerali na kuitwa kwa heshima. Ni kweli waliingia madeni kwa ajili ya sare na karamu, na mzee yeyote angeweza kuguna. Lakini vazi lile lilimpa mtu kitu ambacho mshahara wake haukumpa.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga, na Urambo ikawa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kula kama pauni milioni 36. Karanga hazikupatikana, lakini ardhi iliyofyekwa ilibaki, na katika ardhi hiyo kilimo cha tumbaku kikashika mizizi. Mimi nilizaliwa katika miaka hiyo hiyo. Kumbukumbu yangu ya kwanza ya nguo ni kaptura ya kaki iliyokatwa kutoka suruali ya mjomba aliyefanya kazi kwenye matrekta. Aliyeikata na kuishona kwa sindano ya mkono ni mama. Mafundi wenye cherehani walikuwa wachache, nao waliketi barazani mwa maduka ya Wahindi, miguu ikikanyaga, uzi ukipita, na sisi watoto tukisimama kutazama hadi tufukuzwe. Wote walikuwa wanaume. Mama alijua kukata na kushona kuliko baadhi yao, lakini sindano ya mama iliitwa kazi ya nyumbani, na cherehani ya fundi iliitwa kazi.

Nilipokuwa sekondari, vazi la kijana likawa suala la siasa. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ikapigwa marufuku kuvaa sketi fupi, suruali za kubana na mawigi, na kutumia mikorogo ya kujichubua. Dar es Salaam vijana wa kiume waliwasumbua wasichana vituoni mwa mabasi, wengine wakiwachania nguo, kwa jina la kuulinda utamaduni. Magazeti yalijaa barua. Hoja moja iliyonikaa kichwani ni ya wale waliouliza: utamaduni upi? Kanga yenyewe ilikuja kwa meli, na vazi la magome hapana aliyetaka kulirudia. Miaka michache baadaye, nikiwa chuo cha ualimu Tabora, bugaluu na viatu vya raizoni vilikuwa vimeenea, na walimu wetu walikwisha kuchoka kupima upana wa miguu ya suruali.

Kisha zikaja siku za dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 bidhaa zilitoweka madukani. Katika kijiji nilikofundisha, kanga zilipoletwa, doti chache ziligawiwa kwa kupiga kura, na mwanamke aliyeshinda aliitwa bibi harusi kwa utani. Nimewaona wanafunzi waliovaa shati moja muhula mzima, kiraka juu ya kiraka, hata usijue shati la kwanza lilikuwa rangi gani. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, na pamoja na bidhaa nyingine zikaingia kwa wingi nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani. Watu waliziita kafa Ulaya, kisha wakaziita mitumba. Neno la misafara lilikuwa limerudi. Mzigo wa nguo uliofungwa kwa kamba, kutoka Marekani, ukafunguliwa tena katika soko la Urambo.

Hapo ndipo yalipokuja mashindano yetu. Mwaka 1987, katika shule ya msingi niliyokuwa mkuu wake, kamati ya shule ilitaka siku ya wazazi iwe na mashindano ya mavazi ya vijana, wa darasa la saba na waliomaliza miaka ya karibuni. Mkutano wa maandalizi ulikuwa mkali kuliko mkutano wa michango. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, unataka kuwafundisha watoto wetu majivuno?" Mwingine akasema kwamba mshindi anajulikana tangu leo: ni mtoto wa mwenye mabani mengi. Hoja hii ya pili ilikuwa na uzito, nikaichukua.

Tukagawa mashindano mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wale walioshona wenyewe. Hao walitazamwa mishono, pindo, matundu ya vifungo, na jinsi nguo inavyomkaa mwilini. Nao walitakiwa kugeuza nguo ndani nje mbele ya waamuzi, maana uongo wa fundi hukaa upande wa ndani. Fungu la pili ni wale walionunua. Hao hawakupewa alama kwa bei kubwa. Walipewa alama kwa usafi, kwa kuchagua nguo inayofaa kazi na hali ya hewa, na kwa kueleza walinunua kwa shilingi ngapi na fedha waliipataje. Swali hilo la mwisho niliweka mimi. Nilikuwa nikifikiria ile doti ya merikani.

Katika fungu la walionunua, kijana mmoja alikuja na suti nzuri iliyomkaa vyema kabisa. Alipoulizwa fedha ilitoka wapi alinyamaza, akatazama chini, kisha akaondoka uwanjani mwenyewe. Hakuna aliyemzomea, na sikuruhusu azomewe. Aliyeshinda alivaa suruali ya kaki na shati la mikono mifupi. Alieleza bila kusitasita: usiku kumi na tano wa kuchochea moto katika bani la jirani, ujira kiasi fulani, suruali kiasi fulani, shati kiasi fulani, na salio amempa bibi yake. Watu wakapiga makofi kabla waamuzi hawajajumlisha alama.

Fungu la walioshona lilileta tatizo ambalo kanuni zetu hazikulitazamia. Msichana mmoja aliyemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia, na ambaye hakuchaguliwa kuendelea, alikuja na gauni lililotengenezwa kutokana na koti kubwa la mtumba. Alikuwa amelifumua lote, uzi kwa uzi, akalifua, akaligeuza, akalikata upya na kulishona kwa sindano ya mkono. Waamuzi wakagawanyika. Mmoja alisema hilo ni la kununua, kwa kuwa kitambaa kilinunuliwa kikiwa nguo. Fundi wa sokoni, ambaye tulimwalika kuwa mwamuzi, aliligeuza lile gauni akalitazama kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Na mimi kitambaa hununua. Sijawahi kukifuma. Huyu ameshona." Neno hilo lilimaliza ubishi, na msichana akapata nafasi ya kwanza.

Zawadi yake ilikuwa kitambaa na uzi. Lakini jambo kubwa lilitokea baadaye. Fundi yule alimtaka aje akae barazani pake ajifunze cherehani. Baba alikataa. Alisema baraza ni mahali pa wanaume, na tena kulikuwa na posa iliyokwisha kuletwa. Nilikwenda nyumbani kwake mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na mama yangu mzazi, kwa kuwa nilijua maneno yangu ya kiofisi hayatatosha. Mama hakutoa hoja nyingi. Alimwonyesha yule baba vidole vyake vilivyopinda kwa sindano, akamwambia, "Mimi nimeshona maisha yangu yote na sijawahi kulipwa. Mwache huyu alipwe." Baba hakujibu siku ile. Baada ya msimu kumalizika, msichana alionekana barazani, amekaa kwenye cherehani ya pili. Kwa miaka mingi sare za shule yetu, mashati meupe na sketi za buluu, zilitoka mikononi mwake. Aliolewa pia, kwa wakati wake, na cherehani akahama nayo.

Nimesimulia kisa hiki si kwa sababu kila mashindano huleta matunda kama hayo. Nimeona mashindano mengine yaliyoacha wivu tu. Nimekisimulia kwa sababu kinaonyesha tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Kumpa kijana alama kwa uzuri wa vazi ni kumsifu kwa kitu ambacho huenda si chake. Kumpa alama kwa kazi iliyolipata vazi hilo, iwe kazi ya sindano au kazi ya bani, ni kumsifu yeye. Kwa kipimo hicho kushona na kununua si maadui. Wote wawili wana jasho. Adui yao ni ile njia ya tatu, ya kuteka.

Mambo hayo bado ni ya leo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vifufuke. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, na nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, zikalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila kutozwa ushuru. Tangu meli za Salem hadi mabunda ya leo ni karibu karne mbili, na bado tunabishana na Marekani juu ya nguo ya kuvaa huku bara. Viongozi watabishana kwa njia zao. Sisi wazazi na walimu tunaweza kufanya jambo dogo zaidi: kijana akituonyesha vazi lake jipya, tusikimbilie kuguna. Tumwombe aligeuze tuone mishono, au atueleze alivyolipata. Mwenye jibu atalitoa kwa furaha, na asiye na jibu atakuwa ameulizwa mapema, na watu wanaompenda.